Trela Iliyopimwa kwa Kidole

Mashua ilikuwa imekaa miaka minne kwenye uwanja wa watoto kule Syokimau, na watoto walikuwa wameshaigeuza nyumba, jela, hospitali na kanisa. Ijumaa hiyo asubuhi wanaume sita waliinyanyua kwa mabega, nyasi zilizokuwa chini yake zikaonekana nyeupe kama ngozi iliyotoka kwenye plasta. Maundu alisimama mbele yao akiwaelekeza kwa viganja, vile watu huelekeza jeneza lisigonge fremu ya mlango.

"Polepole. Mbele kidogo. Sasa rudisha. Rudisha tena. Hapo, hapo, lala nayo hapo."

Mashua ikalala juu ya trela. Trela hiyo Maundu alikuwa ameiunda mwenyewe nyumbani kwake Ekalakala kwa wiki tatu, kwa chuma cha kitanda cha hospitali, ekseli ya gari kuukuu na magurudumu mawili aliyobembeleza kwa watu. Alikuwa fundi wa mikokoteni ya punda. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na moja, mpaka wakubwa walipoamua kuwa ngozi ya punda ni mali, wakaruhusu machinjio, punda wakaisha vijijini kama mboga sokoni saa kumi na mbili. Mkokoteni bila punda ni kitanda kibaya tu. Machinjio yakafungwa baadaye, lakini punda aliyeliwa harudi kwa sababu ya tangazo.

"Mzee, uko na uhakika mtaifikisha?" aliuliza Wendy.

Wendy ndiye aliyewauzia. Alikuwa amevaa nguo za ofisini, begi begani, na jicho moja lilikuwa kwenye saa kwa sababu ya treni ya kwenda mjini. Mkononi alishika barua ya tatu ya kamati ya mtaa, iliyosema mashua iondoke kabla ya mwisho wa mwezi au ikatwe.

"Itafika, mama."

"Sisi tuliipeleka Naivasha mara nne tu. Mara ya kwanza, hiyo hata sitasahau. Watoto walipiga kelele mpaka wakakosa sauti. Mara ya pili tukakosana njiani. Ya tatu gurudumu likapasuka Limuru, tukangoja spea mpaka jioni. Ya nne hatukuiteremsha majini. Tulikula samaki, tukairudisha vile ilikuwa."

"Na mwenyewe, bwana yako, yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amesema anaumwa na kichwa." Wendy aliangalia dirisha la juu, pazia lilikuwa limefungwa. "Hataki kuiona ikienda."

Maundu hakumcheka. Alizunguka trela, akaisukuma mashua nusu shubiri nyuma kwa bega, akaiangalia, akaiongeza kidogo tena. Kisha akaenda mbele, kwenye ile pua ya trela inayofungwa kwenye gari, akaita kila mtu aone. Akatia kidole kimoja chini ya pua, kidole cha shahada, akainua. Mashua yenye engine yake ya farasi kumi na tano, na mitungi, na kamba, na trela yote, ikainuka kwa kidole kama kifuniko cha sufuria.

"Mzee wewe ni noma," alisema askari wa geti. "Ebu tena."

Maundu akainua tena. Binti yake Kavutha, aliyekuwa ameegemea pikapu akila mandazi, akatazama pembeni. Alikuwa ameona mchezo huo tangu akiwa mtoto. Ndiyo ilikuwa sheria ya baba yake: uzito wote ukae juu ya magurudumu, mbele kusibaki hata kilo. Punda anavuta, habebi. Mkokoteni wa Maundu haukuwahi kuchubua shingo ya punda, na watu walitoka mbali kama Kangundo kuja kuagiza.

"Kumi na nne sasa," alisema Ndunda, mwenye pikapu, jirani yao. Alikuwa akihesabu dakika tangu saa moja. "Mutumia, mzee wangu, saa nane si mbali."

Wote watatu walijua ni saa nane gani. Mkaguzi wa vyombo vya majini angefika bwawani Masinga saa nane mchana siku hiyo, akague mashua zote zinazotaka leseni ya kuvusha abiria, aondoke. Hangerudi tena mpaka mwezi wa tatu mwaka unaofuata. Ili kununua mashua hii Maundu aliuza punda wake watatu wa mwisho, ambao Kavutha aliwatumia kuuza maji sokoni, akauza na magunia yote ya ndengu. Nyumbani hakukuwa kumebaki kitu cha kuuza isipokuwa mlango. Mashua ikipata karatasi, Jumatatu inaanza kuvusha watu. Ikikosa, watakula nini hadi mwezi wa tatu, hilo Kavutha aliuliza mara moja tu.

Wendy alimpa Maundu mkono. Halafu, watu walipokuwa wakifunga kamba, akaenda akaipiga mashua kofi dogo ubavuni, vile mtu humpiga ng'ombe anayeuzwa.

*

Kwenye Barabara ya Mombasa mashua ilikuwa sherehe. Madereva wa malori waliipigia honi. Pale Mlolongo watu waliokuwa wakingoja magari waliinua simu. Maundu, aliyekaa dirishani, alitoa kiwiko nje, na mara mbili alijikuta akipunga mkono kama mtu anayeomba kura, akaurudisha haraka ndani.

"Nau, umefurahi," alisema Kavutha, aliyebanwa katikati. Alimwita baba yake kwa Kikamba akiwa anamtania au akiwa amekasirika, na ilikuwa kazi kujua ni lipi.

"Sijafurahi. Nasikia upepo."

Lakini alikuwa amefurahi. Kuwa na mashua ni kitu cha ajabu kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo mvua huja kama mgeni asiyekunywa chai. Kila mara alipogeuka aliiona kwenye kioo cha nyuma, nyeupe na mstari wa buluu, pua juu, ikimfuata. Hakuna kitu kilichokuwa kimemfuata hivyo tangu mkewe Ngina afe.

Walipopita Athi River barabara ikafunguka, Ndunda akakanyaga mafuta, na hapo pikapu ikaanza kujisikia vibaya. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu amelishika gari kiunoni kwa nyuma analichezesha, kushoto, kulia, kushoto. Ndunda akaondoa mguu, ikatulia.

"Inatingisha mkia," alisema.

"Ni upepo wa malori."

"Lori halijapita."

"Basi ni barabara. Hizi barabara wanakula lami kabla haijakauka."

Kabla ya njia panda ya Machakos kulikuwa na kizuizi cha askari wa trafiki. Askari mmoja mnene, mwenye miwani, aliwasimamisha, akaipita leseni ya Ndunda bila kuisoma, akaenda moja kwa moja kwa mashua. Aliizunguka. Akaigonga. Akarudi amebadilika uso, kama mtu aliyekutana na binamu.

"Hii mmetoa wapi?"

"Syokimau," alisema Maundu. "Stakabadhi iko."

"Trela haina namba."

"Iko njiani."

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi."

Askari akaenda nyuma, akaweka mikono yake miwili kwenye mkia wa mashua, akabonyeza. Kule mbele pikapu ikainuka makalio, ikashuka.

"Mzee, kwetu ni ziwani. Mashua mimi nimezivuta tangu nikiwa mtoto. Hii pua yako haina uzito. Mkia ndio unaongoza gari. Mkishika mteremko itawachapa nayo. Sukuma mzigo mbele, ama..."

"Afande," alisema Maundu, "sema tu bei."

Askari akaondoa mikono kwenye mashua. Alimwangalia Maundu kupitia miwani, na mtu angesema kwa muda mfupi kwamba aliumia. Lakini kazi ni kazi. Maundu alichukua mia tano, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya leseni ya Ndunda, akampa. Leseni ilirudi, mia tano haikurudi.

"Haya, endeni salama," alisema askari.

Walikwenda kama kilomita tatu. Kavutha akasema, "Yule karao amesema tusukume mzigo mbele."

"Karao amesema mia tano."

"Amesema yote mawili, baba."

"Mtu akikuibia, halafu akuambie kamba ya kiatu imefunguka, utainama?"

Ndunda alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu ndiye aliyeshika usukani.

*

Machakos mjini walipita polepole, na katika vilima vya Kangundo, kwenye kona za mashamba ya kahawa, hakuna gari linaloweza kukimbia, kwa hiyo trela ilitulia kama mtoto anayeangaliwa na mwalimu. Maundu akapata maneno tena. Alieleza vile atakavyoweka turubai la kivuli, na vile mama wajawazito watakaa mbele bila kulipa. Ndunda aliangalia saa, ilikuwa saa tano na robo. Walikuwa na nafasi.

Baada ya Tala barabara inateremka kuelekea Matuu, imenyooka, pana, hewa inapata joto. Ndunda akaifungulia. Trela ikaanza tena, kushoto, kulia, na safari hii haikutaka kutulia. Kila mkia ulipokwenda upande mmoja ulirudi na nguvu zaidi, pikapu ikaanza kwenda ubavu ubavu kama kaa. Ndunda alifanya kile ambacho mguu wa mtu yeyote ungefanya. Alikanyaga breki.

Maundu alisikia chuma kikikatika. Akaona mashua yake ikiwapita dirishani.

Ilipita kwa heshima zake, ikiwa bado juu ya trela, ikavuka mtaro, ikapanda tuta la mchanga, na hapo ikaacha trela na kuteleza peke yake ndani ya mkonge wa mtu. Pikapu ilizunguka, ikasimama ikitazama ilikotoka. Hakuna aliyeumia. Ndunda alishika usukani bado, midomo ikienda bila sauti.

Dakika tano hazikuisha kabla watu hawajajaa. Hakuna mtu anayejua wanatoka wapi, pori lilikuwa tupu. Simu zilikuwa juu.

"Mzee, ulikuwa unaenda Mombasa ukapotea?"

"Ndio hii mafuriko ilikuwa inangojwa. Meli imekuja kwanza."

"Wacheni baba wa watu. Kwani bahari ya Matuu ni yenu?"

Maundu alipita katikati yao bila kujibu, akaingia mkongeni. Mashua ilikuwa imelala ubavu. Ubavuni, karibu na mdomo wa juu, faiba ilikuwa imefunguka urefu wa shubiri mbili. Alipitisha kidole kwenye ufa. Engine ilikuwa nzima. Akakaa chini, kofia ikiwa bado kichwani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mtu wa kumlaumu mbele ya macho.

Kavutha alikuja akachuchumaa kando yake.

"Saa sita kasoro," alisema.

"Nimeona."

"Kuibeba wanataka mia mbili kila mmoja. Wako nane."

"Mpe Ndunda pesa awalipe." Akamwangalia. "Sema."

"Sijasema kitu."

"Sema, utapasuka."

Kavutha akang'oa nyasi. "Hii trela si ya punda, baba. Punda akivuta anatembea. Gari linakimbia. Kitu kinachokimbizwa kinataka kushikwa kichwa. Hata wewe ukimvuta mbuzi sokoni, unamshika pembe, humshiki tumbo."

Maundu aliendelea kupitisha kidole kwenye ufa, mpaka mtu mmoja aliyekuwa akirekodi akachoka akaondoka. Hakuona aibu ya watu. Aliona aibu nyingine, ya mikono. Miaka thelathini na moja mikono hiyo ilikuwa imesema kweli.

Aliinuka, akaenda kwenye trela iliyopinduka mtaroni, akaitazama vile mtu hutazama mtoto wake aliyeletwa na polisi. Ile sehemu ya kufungia gari ilikuwa imekatika bolti, chuma chenyewe kilikuwa kizima. Ekseli alikuwa ameifunga kwa yubolti nne, zile bolti zilizopinda kama herufi U, ili iweze kusogezwa, kama kwenye mikokoteni yote. Fundi mwenye busara huacha nafasi ya kusogeza.

"Lete spana ya kumi na tisa."

Alilala chali chini ya trela kwenye changarawe yenye moto, Kavutha akishika upande wa pili. Walilegeza, wakarudisha ekseli nyuma futi moja nzima. Mashua ikisharudi juu, mbele kungekuwa kuzito. Kwa fundi wa mikokoteni hiyo ilikuwa kama kuambiwa ajenge nyumba mlango ukitazama choo.

"Mama angecheka," alisema Kavutha.

"Mama yako angesukuma tangu Syokimau. Alikuwa anasikia watu." Alikaza yubolti mpaka mshipa wa shingo ukatoka. "Siku ile tunampeleka, hospitali ya ng'ambo tulikuwa tunaiona paa. Unakumbuka? Unaona paa linawaka jua. Na boti ya mradi ya wakubwa, ile waliyoikatia utepe na kula wali, imefungwa na mnyororo, hakuna petroli. Tukazunguka na barabara."

"Nilikuwa hapo, baba."

"Najua ulikuwa hapo. Nasema tu."

Wanaume wanane wakaibeba mashua, wakiimba wimbo wa kubebea tangi la plastiki, maana wa mashua hawakuwa nao. Ikawekwa. Maundu akashika pua ya trela kuinua. Alihitaji mikono miwili, na mgongo, na Ndunda.

"Hii ingeua punda," alisema.

Bolti mpya ilipatikana Matuu, ikaletwa na bodaboda, mia nne na hamsini pamoja na usafiri. Walipoondoka ilikuwa saa nane na dakika kumi. Ndunda aliendesha kwa woga kwanza, halafu akaongeza, halafu akaongeza tena. Trela ilifuata nyuma kama kivuli.

*

Mkaguzi aliitwa Bonface, jina lilikuwa limeandikwa kwenye jaketi lake la manjano. Walimkuta saa tisa na nusu kwenye kibanda cha samaki kando ya bwawa, amemaliza kula, ananawa. Faili zilikuwa tayari ndani ya gari.

"Nilisema saa nane."

"Tumepata ajali."

"Nimeiona." Alionyesha simu yake. Video ilikuwa imewatangulia. "Kuna mtu ameiwekea muziki."

Hata hivyo akanyanyuka, akaenda, akaigonga mashua mahali pote kwa vifundo vya vidole, kichwa kimeinama, kama daktari wa kifua. Alihesabu majaketi ya kuelea. Akapima ufa kwa mkono.

"Faiba ni nzuri. Ufa uko juu ya mstari wa maji, unazibika. Lakini nikiandika ufa bila sababu, hii itahesabiwa ni mashua mbovu. Inarudi mwezi wa tatu."

"Sababu ni ajali," alisema Maundu.

"Ajali lazima iwe na mtu. Kuna fomu." Akaitoa. "Aliyesababisha, jina, kitambulisho, amefanya kosa gani, sahihi. Nikiwa na hiyo, ninaandika mashua yenyewe haina makosa, nawapatia siku ishirini na moja mzibe, mnitumie picha, leseni inatoka. Bila hiyo, hapana."

Maundu akapumua. Hapa sasa palikuwa mahali pake. Makosa ya watu aliyajua kwa mwaka na tarehe.

"Andika barabara."

"Barabara haina kitambulisho, mzee."

"Andika polisi wa kule Machakos."

"Alifanya nini?"

"Alichukua mia tano."

"Mia tano haipasui mashua."

Jua lilikuwa limeinama, maji yaling'aa mpaka ng'ambo. Kando, kiboko alitoa pua akairudisha. Ndunda alisogea, mikono mfukoni.

"Andika mimi, mutumia," alisema. "Si mimi ndiye nilikanyaga breki. Vai thina, hakuna shida. Nikiandikwa mimi, kwani watanifanya nini?"

Maundu alimwangalia Ndunda. Lingekuwa jambo rahisi. Breki ilikanyagwa, watu waliona, na Ndunda mwenyewe amekubali. Pikapu ya Ndunda ilikuwa na kovu jipya ubavuni na hakuwa amelitaja. Maundu alifungua mdomo, na wote watatu wakajua karibu aseme ndiyo.

"Trela ni yangu," alisema. "Kavutha, shika kalamu."

Maundu mwenyewe alikuwa ameishia darasa la tatu. Kavutha aliweka fomu juu ya boneti, akaandika, akisema kwa sauti kila neno. Mimi Maundu Muli, fundi, nilitengeneza trela ya mashua kama mkokoteni wa punda. Uzito niliusawazisha juu ya magurudumu badala ya kuuweka mbele. Afisa wa trafiki alinionya, sikusikia.

"Toa hiyo ya afisa."

"Ni ukweli."

"Ni ukweli. Lakini alichukua mia tano."

"Basi naandika yote mawili."

"Hapana, hapana," alisema Bonface, akasogea upesi. "Msiniandikie mambo ya hongo kwa fomu ya serikali. Hiyo fomu inaenda Nairobi."

Kwa hiyo yule afisa akafutwa, onyo lake na mia tano yake pamoja, ikawa kama hakuwahi kusimama barabarani. Ikabaki mistari miwili, na wa tatu: Kosa ni langu.

Maundu alichukua karatasi akaisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Alichukua muda. Bonface aliangalia saa lakini hakumharakisha. Kisha Maundu akatia sahihi, jina lote, herufi kubwa, akairudisha.

"Afande."

"Mimi si afande. Sema."

"Hii fomu iko tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Miaka sita iliyopita ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Boti ya mradi ilikuwa imefungwa pale na mnyororo." Alionyesha kwa kidevu, mahali palipobaki nguzo tu. "Bibi yangu alikufa tukizunguka na barabara. Nauliza tu, siku ile, nani alijaza?"

Bonface alikunja karatasi, akaikunjua. Alikuwa kijana mwenye pete mpya ya ndoa.

"Mzee, mimi niliandikwa mwaka jana."

"Sijasema ni wewe."

"Sijawahi kuiona fomu ya hiyo."

"Hata mimi," alisema Maundu.

Mama wa kibanda cha samaki alikuwa ameacha kupaa magamba. Bonface aliitia karatasi ndani ya faili, taratibu kuliko ilivyohitajika, akasema lazima aione mashua ikielea kabla ya kuandika, hiyo ndiyo kanuni.

Ndunda alijaribu kuirudisha trela nyuma hadi majini. Kila alipogeuza usukani kulia, mashua ilikwenda kushoto, alipogeuza kushoto ikamgeukia kama inamtafuta. Mara nne. Mwisho wakaifungua kutoka kwa gari wakaisukuma kwa mikono, wao, wavuvi wawili, na Bonface mwenyewe akiwa amevua viatu. Mashua ikaacha trela, ikagusa maji, ikatikisika, ikakaa.

Kavutha akapanda ndani kuangalia kama inavuja. Maundu alibaki ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika kamba.

"Kukavu," alisema Kavutha.

"Angalia huko nyuma."

"Kukavu, nau."

"Angalia chini ya ile mbao."

Aliangalia. Akapitisha kiganja, akakiinua juu kumwonyesha, kilikuwa na vumbi la Syokimau.

"Mzee, achilia kamba," aliita Bonface kutoka ukingoni, kalamu mkononi. "Nataka kuiona ikielea yenyewe."

Maundu alitoa kamba mkono mmoja, na mwingine, na mwingine. Mashua ikasogea mbali naye, binti yake akiwa amesimama katikati, miguu imepanuliwa kama mtu aliye juu ya mkokoteni.

"Achilia," aliita Bonface tena.

"Nimeachilia," alisema Maundu, na ncha ya kamba ilikuwa bado imezungushwa ngumini mwake, chini ya maji.